Naomba ushauri kuhusu tiba ya mawimbi mshtuko kwa upungufu wa nguvu za kiume

Mtoa mada
Ndugu wanajukwaa, nina miaka 47, naishi Dar es Salaam, na kisukari ninacho mwaka wa sita sasa. Kwa miezi minane uume wangu umekuwa ukisimama kwa shida na kulegea kabla ya tendo kwisha. Kliniki moja binafsi inataka kunifanyia tiba ya mawimbi mshtuko mara 12, nilipe zote mapema, kwa ahadi kwamba nitapona kabisa. Fedha niliyonayo ni ada ya binti yangu. Je, tiba hii ni ya kweli?

Tabibu Mstaafu
Ndugu yangu, pole. Tiba hiyo si uzushi, lakini hakuna daktari mwaminifu awezaye kukuahidi kupona kabisa. Mawimbi ya aina hii, yaani mapigo ya sauti yenye nguvu yanayopitishwa mwilini, yalianza kutumika kwa binadamu nchini Ujerumani mwaka 1980 kuvunja mawe ya figo. Kwa uume hutumika nguvu ndogo sana, kwa matumaini ya kuichochea mishipa ya damu ijijenge upya. Watafiti wa Israeli walichapisha jaribio la wanaume 20 mwaka 2010, likatia moyo, ila majaribio yaliyofuata hayakukubaliana. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani wa mwaka 2018 uliiweka miongoni mwa tiba ambazo bado zinachunguzwa. Isitoshe, zipo mashine zinazoyalenga mawimbi ndani ya mwili, na zipo za kutibu maumivu ya misuli ambazo hutawanya mgandamizo karibu na ngozi, na zote hutangazwa kwa jina moja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni moyo wako. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huweza kuanza kuziba kabla ya ile ya moyo. Je, walikupima wastani wa sukari ya miezi mitatu, presha, mafuta ya damu na testosteroni, yaani homoni ya kiume?

Mtoa mada
Hawakunipima chochote, daktari. Vidonge vya sildenafili, vile vya kusaidia uume kusimama, nilijaribu mara mbili, baada ya chakula cha usiku, sikuona kitu.

Tabibu Mstaafu
Basi hujavijaribu ipasavyo. Chakula chenye mafuta mengi huchelewesha dawa hiyo. Humezwa saa moja hivi kabla ya tendo, na bila hamu haifanyi kazi. Mwambie daktari dawa zako zote, kwa sababu sildenafili ikichanganywa na nitreti, dawa za moyo za kutuliza maumivu ya kifua, inaweza kuua.

Mama Wawili
Kaka, mume wangu alifanyiwa mara sita. Alipata nafuu kidogo, ikafifia baada ya miezi michache. Sukari iliposhuka, na aliponiambia ukweli badala ya kunikwepa kitandani, ndipo nyumba yetu ilipotulia. Mkeo anajua?

Mtoa mada
Hajui, dada. Nitamweleza leo, na Jumatatu nitakwenda naye kliniki ya kisukari kupima vyote hivyo. Ada ya mtoto nimeshailipa shuleni asubuhi hii.