Mliowahi kupokea simu za watu waliotaka kujiua, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliokaa kwenye simu za msaada kwa kujitolea, na wa waliowahi kupiga pia. Masharti mawili tu: usisimulie kisa kwa namna ambayo mpigaji atajitambua akikisoma, na tusitajiane njia ambazo watu walitaka kutumia.

Naanza. Nilijiunga nikijiona mshauri hasa. Kwenye mafunzo tulikalishwa wawili wawili tumepeana migongo, mmoja akijifanya mpigaji. Mwenzangu akasema, "Nimechoka na kila kitu." Nikawahi kujibu, "Usijali, mambo yatakaa sawa." Mkufunzi akatusimamisha. "Umeshamfungia mlango. Amechoka na nini? Hujamuuliza." Kisha akanitaka nitamke swali lenyewe. Nikazungukazunguka: "Unafikiria kufanya jambo baya?" Akakataa. Sema neno. "Unafikiria kujiua?" Nililirudia mara sita ndipo likatoka bila sauti kutetemeka. Nilikuwa naogopa kumtia mtu wazo. Kumbe kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Wengi hupumua kwa kuwa hatimaye limetajwa na mtu mwingine.

*Mkesha:*
Mimi nawaletea ile simu isiyo na maneno. Saa tisa usiku, nimepokea, kimya. Nasikia pumzi na feni inayogonga kila ikizunguka. Nikasema, "Nipo. Ukitaka kuongea nipo, usipotaka pia nipo." Kila baada ya muda narudia kwa sauti ya chini. Dakika ishirini na kitu. Kisha, "Asante," ikakatwa. Alikuwa nani, ilikuwaje asubuhi yake, sijui hadi leo. Wanaoingia kazi hii wakitaka kujua mwisho wa hadithi watateseka.

*Msoma_historia:*
Jambo la watu wa kawaida kupokea simu hizi lina kisa ninachokipenda. Kasisi Chad Varah alianzisha huduma ya Samaritans mjini London mwaka 1953, katika kanisa la St Stephen Walbrook. Miaka mingi nyuma alikuwa amemzika msichana wa miaka 14 aliyejiua baada ya kupata hedhi, akidhani ameugua ugonjwa wa zinaa. Hakuwa na wa kumuuliza. Sasa, Varah alidhani ushauri angetoa yeye, na waliojitolea wangewapa chai waliosubiri zamu ya kumwona. Akashangaa: wengine walikunywa chai, wakaongea na mpika chai, wakaondoka bila kumhitaji kasisi. Februari 1954 akawakabidhi kazi ya kusikiliza. Kwa hiyo mkiulizwa mna shahada gani, jibuni chai.

*Nilipumzika:*
Msoma_historia umenifurahisha, ila tusiipambe sana. Chai haitoshi bila usimamizi. Kituo nilichokuwa mimi (sikitaji) unamaliza simu nzito, unageuka, msimamizi anakwambia "utazoea," simu inayofuata hiyo. Hakuna hata dakika kumi za kukaa na mtu utue ulichobeba. Juu yake kuna wanaopiga kutukana tu. Nilifika mahali simu ya nyumbani ikiita moyo unanipasuka. Nikaacha miezi minane. Nilikorudi, hakuna anayeondoka kwenye zamu kabla hajazungumza na mwenzake, hata kama anasema yuko sawa. Hasa akisema yuko sawa.

*Upande_wa_pili:*
Mimi nilipiga. Sikumbuki hekima yoyote niliyoambiwa. Nakumbuka dada aliyepokea alipaliwa na maji katikati ya sentensi yangu, akakohoa weee, "samahani, samahani, endelea." Nikacheka, nikiwa na machozi. Baadaye akaniuliza kama nilichopanga kutumia kiko karibu. Nikasema ndiyo. Akaniomba nikakipeleke mbali palepale, yeye anasubiri. Nilipoirudia simu alikuwa bado yupo. Akauliza nani anaweza kuja kulala kwangu usiku ule. Sikuwa na jibu, hakuniharakisha. Mwishowe nikamtaja mdogo wangu, ambaye tulikuwa hatusemezani. Alikuja na shuka lake.

*Mkesha:*
@Upande_wa_pili, umetupa mwisho ambao sisi huwa hatuuoni. Ubarikiwe.

*Mgeni_kazini:*
Shikamooni wakubwa. Zamu yangu ya kwanza ni kesho usiku. Nimeandika maswali kwenye karatasi, naogopa nitayasoma kama mtangazaji. Kuna la kuniongezea?

*Mwanzisha uzi:*
Marahaba. Karatasi iache mezani, ukikwama itazame. Msimamizi awe karibu, mwite mapema, usingoje uzidiwe. Na mpigaji akinyamaza, usikimbilie kujaza kimya chake.

*Upande_wa_pili:*
Na maji uyanywe taratibu.