Mihesi ya Amani: ing'olewe au iachwe?

Kwamkoro Juu: Wakuu, heshima kwenu. Mti wa mhesi uliletwa hapa Amani, Usambara Mashariki, na Wajerumani mnamo 1913, ukaja kupandwa kwa wingi miaka ya 1960 na 1970. Leo ukisimama barabara ya Kwamkoro ukatazama msitu, mihesi ndiyo inayojitokeza kwanza. Hondohondo wanameza matunda yake na kudondosha mbegu hadi ndani kabisa ya hifadhi. Miti ya asili kama mtambara, msambu na mvule iligawana msitu huu zamani sana, kila mmoja na nafasi yake. Huyu kaingia juzi tu na anatanuka. Msimamo wangu: ing'olewe yote. Wapasua mbao walishatumaliza, tusiuachie mti umalizie kilichobaki.

Mzee wa Bukoba: Vijana, hiyo mnayoiita mihesi sisi Kagera tunaiita mihumula, Waganda wanaiita misizi, na haijamaliza msitu wa mtu. Kule Budongo, Uganda, bwana misitu Eggeling aliandika mwaka 1947 jinsi msitu unavyokwenda. Msizi unatangulia pembeni, msitu unapoingia nyasini. Unafuatwa na mikangazi na miti mingine mchanganyiko. Baada ya miaka mingi kivuli kinakuwa kizito na mti mgumu wa Cynometra unatawala. Mche wa msizi hauwezi kukua kwenye giza. Uacheni, utazeeka na kupisha wengine.

Binti Muheza: Mimi nimeishia hapo kwenye "wapasua mbao walishatumaliza". Baba yangu alipasua mbao. Msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini shimoni, unga wa mbao unamwagikia machoni. Mtambara mmoja ulikuwa kazi ya siku na siku. Matrekta yalikuja na kiwanda cha mbao, na kiwanda kilikuwa na fedha za wafadhili. Mbona hilo hulisemi?

Kwamkoro Juu: Dada yangu, sijamtaja baba yako. Ila mti ukianguka umeanguka, jua linaingia, mhesi unaota. Pengo halijui limefunguliwa na nani.

Binti Muheza: Linajua, kaka. Trekta linaburuta gogo mpaka barabarani, linakwangua udongo na kung'oa kila mche njiani. Wapasuaji wanapasulia palepale mti ulipolala, mbao zinatoka kichwani kwa mtu. Miche ya msambu iliyokuwa chini inabaki hai. Pita leo kwenye njia za zamani za magogo uone mihesi ilivyojipanga, kisha upite kwenye mashimo ya wapasuaji. Usifananishe.

Sigi Chini: Swali dogo. Hao wapasuaji walikuwa na vibali?

Binti Muheza: Na wewe mkaa unaopikia una kibali?

Mdau wa Misitu: Naomba turudi kwenye mada. Miti inayogombea jua lilelile inawezaje kukaa pamoja? Wanaikolojia Janzen mwaka 1970 na Connell mwaka 1971 walikuja na hoja moja, kila mmoja kwa upande wake. Mbegu inayoanguka chini ya mama yake inakutana na wadudu na kuvu waliokwisha kuzoea kula aina hiyo. Inayopona ni ile iliyobebwa mbali. Kwa hiyo chini ya mti mkubwa nafasi inabaki kwa aina nyingine, na hakuna anayehodhi msitu mzima. Ongeza tofauti ya mwendo. Mbegu ya msambu inaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuota, panya buku anaibeba na kuifukia, na mche wake unavumilia kivuli. Mhesi unakimbilia pengo na kukua haraka. Sasa ukikata mihesi yote kwa mkupuo unafungua mapengo mapya, na mbegu zinazosubiri jua hilo ni za mhesi. Wenye kusoma mambo haya wanajua kwamba...

Sigi Chini: "Wenye kusoma". Sisi tuliozaliwa Zirai hatujui msitu?

Mdau wa Misitu: Mkuu, sijasema hivyo.

Sigi Chini: Umesema. Miaka ya 2000, kule msitu wa Derema, wazee walitolewa kwenye mashamba ya iliki kwa maneno hayohayo ya wasomi. Iliki inataka kivuli. Mama yangu aliiacha miti mikubwa juu, akafyeka chini tu.

Mzee wa Bukoba: Mwanangu, hapo kwenye kufyeka chini ndipo pabaya. Kila mwaka ukifyeka miche, miti mikubwa ikifa nani atairithi? Msitu unaonekana mzima kumbe hauna watoto.

Sigi Chini: Mzee shikamoo, lakini wa Bukoba asitufundishe Usambara.

Mzee wa Bukoba: Marahaba. Mti ni wetu, kwa hiyo nitasema.

Kwamkoro Juu: Jamani, mimi niliuliza habari ya mihesi. Mdau, tusipokata tufanye nini?

Mdau wa Misitu: Bandua gome kuzunguka shina, mti ufe umesimama. Majani yanapungua polepole, mwanga unaingia kidogo kidogo, miche ya kivuli iliyo chini inatangulia. Anza na ile michache iliyoingia ndani ya msitu mzima. Ile minene ya kwenye mashamba ya zamani ije mwisho.

Sigi Chini: Na mbao zioze zimesimama wakati shule yetu inatafuta dari?

Kwamkoro Juu: Mbao ya mhesi inaliwa na mchwa upesi sana.

Binti Muheza: Kwa dari na masanduku inafaa ikiwa kavu. Iliyo kando ya hifadhi, kwenye mashamba, wapeni wanakijiji waipasue kwa msumeno wa mkono, palepale inapoangukia. Chensoo na trekta visiingie. Na safari hii vibali viandikwe kwa majina yao, asije mtu wa Sigi kuwauliza.

Sigi Chini: Nitauliza tu. Na mashamba hayo unayoyagawa ni ya nani?