Naomba ushauri: bunduki ya marisau aliyoiacha marehemu baba

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Marehemu baba, ambaye alikuwa akilima kando ya Mto Sabaki hapa Malindi, ametuachia bunduki moja ya marisau aliyoimiliki kihalali kwa ajili ya kulinda mazao; cheti chake kipo, na nambari iliyochongwa juu ya mtutu inalingana na iliyoandikwa humo. Kwa kuwa cheti hicho ni cha mwenyewe na hakirithiwi kama shamba au mnazi, tumekwisha kuikabidhi polisi pamoja na risasi zake, tukapewa hati, ijapokuwa ami yetu alitaka ibaki sandukuni hadi arubaini ipite, rai ambayo kwangu ilikuwa ya hatari.

Warithi wote wameridhia niichukue mimi. Naomba kuelezwa na aliyewahi kupitia jambo hili: je, niombe cheti kwa jina langu kwenye Bodi ya Leseni za Silaha sasa hivi, au nisubiri kwanza Mahakama ya Kadhi igawe mirathi? Na je, idhini ya warithi wenzangu yatosha kwa maandishi ya kawaida, au ni lazima waape mbele ya wakili?