Tupeane uzoefu: maneno ya kudakiana kama ya filamu ya His Girl Friday, yanaigizwaje bila kumpoteza mtazamaji?

Pazia Jekundu: Wakuu, habari za muda huu. Jana kuna mtu kaandika humu kwamba siri ya His Girl Friday ya mwaka 1940 ni waigizaji kuongea haraka tu. Si kweli. Kikundi kitakachofuata ushauri huo kitamaliza onyesho hoi na watazamaji hawajaambulia kitu. Howard Hawks, mwongozaji wa filamu hiyo, alieleza mbinu yake: kila kauli iongezwe maneno yasiyo na uzito mwanzoni na mwishoni, mwenzako adakie hapo, kiini kibaki salama katikati. Mfano wangu: "Sasa sikiliza, gavana kaleta msamaha, nakwambia mimi." Wa pili anaingia kwenye "nakwambia". Akiingia kwenye "msamaha", onyesho limekufa. Mnaoongoza au kuigiza maneno ya namna hii, tiririkeni.

Fundi Sauti: Mkuu, umesahau upande wetu. Enzi zile huwezi kurekodi kila mtu peke yake ukaja kuchanganya baadaye. Walitundika maiki kadhaa, fundi anafungua na kufunga swichi kumfuata anayeongea, kwa hiyo lazima awe ameyajua mazungumzo kama waigizaji wenyewe. Leo kila mtu mpe maiki yake ya nguoni na njia yake ya kurekodia. Tatizo linabaki kwenye uhariri: ukichukua picha ya mmoja mmoja huku wanadakiana, sauti ya huyu imeshaingia kwenye maiki ya yule, na ukikata haziungani. Waweke wote wawili kwenye fremu moja, mcheze mpaka mwisho. Na kabla hamjafungasha, rekodini ukimya wa chumba sekunde 30, utazibia mapengo.

Bi Kulisi: Hiyo ya kuwaweka fremu moja, naunga mkono kwa mikono miwili.

Mzee wa Skripti: Mnaanzia mwishoni. Filamu hiyo imetokana na The Front Page, tamthilia ya Ben Hecht na Charles MacArthur iliyofunguliwa Broadway, New York, Agosti 1928. Ina sehemu tatu na zote zimo ndani ya chumba kimoja cha waandishi, kwenye jengo la mahakama ya jinai Chicago. Hildy Johnson, mwandishi wa habari, pale ni mwanamume anayeacha kazi akaoe. Hawks na mwandishi wake Charles Lederer wakamfanya mwanamke, tena mtalaka wa bosi wake Walter Burns. Hapo hila zilezile za Walter za kumzuia asiondoke zikapata maana mbili: anataka habari, na anataka mke. Lakini ilibidi waandike mwanzo mpya, ofisini kwa gazeti na kwenye meza ya chakula, kabla ya kufika kwenye kile chumba. Anayeruka mwanzo huo watazamaji wake hawatajua Walter anapigania nini.

Kibatari: Mzee, shikamoo, lakini mapenzi gani hayo? Bruce wa watu, mchumba mpya wa Hildy, anasingiziwa na kuwekwa ndani mara 3! Ile ya 1928 ilikuwa na heshima zaidi.

Mzee wa Skripti: Marahaba. Mtazame vizuri Ralph Bellamy anavyomcheza huyo Bruce. Hamfanyi bwege. Anaongea taratibu, kwa adabu, anamaliza sentensi zake. Lazima awepo mtu mmoja wa kasi ndogo, la sivyo kasi ya Cary Grant (Walter) na Rosalind Russell (Hildy) haionekani. Vikundi vingi vinampa Bruce naye mbio, kisha vinashangaa mbona imekuwa kelele.

Mama Jukwaa: Nyote mmempita Mollie Malloy, yule mwanamke anayemtetea Earl Williams, aliyehukumiwa kunyongwa. Waandishi wanamdhihaki, Hildy anamtoa nje. Mnajua kinachofuata? Kimya. Wanaume wale wameshika karata na hakuna anayemtazama mwenzake. Hildy anarudi, anasimama mlangoni, anawaita mabwana wa magazeti, basi. Kisha baadaye, Earl akiwa ametoroka, wakimbana aseme kajificha wapi, Mollie anajirusha dirishani. Huo ukimya msiujaze. Mkiuogopa na kuharakisha, kuruka kwake kutaonekana kituko.

Bi Kulisi: Mwili umenisisimka.

Dogo Props: Dada, akiruka anaangukia wapi?

Mama Jukwaa: Magodoro mawili nyuma ya ukuta, na mtu wa kumpokea. Asiruke kwa kichwa.

Kibatari: Magodoro ya nini? Apite dirishani akanyage jukwaa dogo la chini ya kizingiti, sauti ya kishindo iwekwe. Salama zaidi.

Dogo Props: Na Earl Williams anapofichwa mle ndani ya meza ya kifuniko cha kukunja?

Fundi Sauti: Ubao wa nyuma utolewe kabisa, apate hewa.

Mzee wa Skripti: Hapana, watazamaji wa pembeni watamwona. Acha ubao, toboa matundu chini, na mtafute mwembamba.

Pazia Jekundu: Turudi kwenye mazoezi. Simu je? Mimi naweka mtu halisi nyuma ya pazia asome maneno ya upande wa pili, kwa sauti, wiki zote za mazoezi. Bila hivyo mwigizaji anatulia mapema mno, anajijibu mwenyewe.

Mama Jukwaa: Sawa, na mwanzo someni taratibu, kasi ije mwisho.

Kibatari: Kasi siku ya kwanza! Ukizoea taratibu, pumzi zinakaa pabaya, na kuzihamisha ni kazi.

Mama Jukwaa: Pumzi zitiwe alama kwa penseli kwenye skripti kabla ya kusimama, Kibatari. Kila mstari.