Maktaba ya darasa la pili: vitabu 63, watoto 94 na kabati lenye kufuli

Mwalimu wa Kasulu

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha darasa la pili katika shule ya kijijini wilayani Kasulu, nikiwa na wanafunzi 94 katika chumba kimoja. Kwa miaka miwili nimekusanya vitabu vya hadithi 63, vingine vikitoka kwa wazazi na vingine nikivinunua mwenyewe kila nilipofika mjini, na sasa ninataka viwe maktaba ambayo mtoto anaifikia kwa mkono wake. Mkuu wangu wa shule ana nia njema, lakini anashauri vikae katika kabati la ofisi lenye kufuli, kwa kuwa vikipotea au vikichanika yeye ndiye atakayeulizwa. Isitoshe, mchwa ni wengi, na mvua zikianza mwezi Novemba maji huingia madirishani. Nivipange vipi, niviazimishe vipi kwa watoto wengi namna hii, na mkuu wangu nimweleze nini?

Mstaafu wa Urambo

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Nianze na suala la mkuu, maana lisipokwisha hilo mengine yote hayatafanyika. Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, na nilichelewa kuelewa kwamba kitabu cha mtoto ni kama chaki, kinaisha kwa kutumika, na hakuna mkuu anayemdai mwalimu chaki iliyoisha. Katika shule moja niliyowahi kupangiwa tulifungua maboksi ya vitabu yaliyotunzwa stoo kwa miaka, tukakuta mchwa wamekula kurasa zote na kubakiza kava. Hakuna mtoto aliyekuwa amevigusa. Kwa hiyo, omba vitabu vyako viingizwe katika leja ya shule, kisha kamati ya shule ikubali mapema, na iandikwe katika muhtasari wa kikao, kwamba vitakavyochakaa kila mwaka vitaondolewa kwenye leja kwa utaratibu bila mtu kudaiwa. Mkuu akiwa na muhtasari huo mkononi, atakuwa na jibu siku akiulizwa.

Kuhusu kupanga, usifuate ukubwa wa kitabu wala uzuri wa picha, bali fuata ugumu wa maneno. Mtoto anayesoma "baba" na "kikapu" bila shida anaweza kukwama kwenye "mbwa", "ng'ombe" au "nyangumi", kwa sababu hapo konsonanti zimefuatana kabla ya irabu kufika. Mimi nilitumia rangi tatu tu, zilizopakwa kwenye mgongo wa kitabu: kijani kwa vitabu vya picha vyenye sentensi moja kwa ukurasa, njano kwa hadithi fupi zenye silabi nyepesi, na nyekundu kwa hadithi ndefu zenye silabi ambatani, yaani hizo za konsonanti zilizofuatana. Usimzuie mtoto kuchukua rangi iliyo juu ya uwezo wake. Wengi huazima nyekundu ili dada au kaka awasomee nyumbani, na huko nako ni kusoma.

Kuazimisha kwa wote siku moja hutaweza. Gawa darasa katika makundi matano, kila kundi na siku yake, hivyo kwa siku utahudumia watoto wasiozidi 19. Kila kitabu kikikaa nyumbani siku mbili za shule, vitakuwa nje vitabu 38 kwa wingi wake, na vingine 25 vitabaki darasani kwa wanaomaliza kazi mapema. Daftari moja lenye jina la mtoto, namba ya kitabu na tarehe linatosha.

Mkutubi, Tabora mjini

Naunga mkono hoja za mzee wetu, nami naongeza ya ukutubi. Mpangilio wa namba za Dewey, ambao maktaba hutumia kupanga vitabu kwa mada, hauna kazi kwa mtoto wa miaka saba. Rangi zinatosha kabisa. Muhimu ni kava litazame nje, kwa kuwa mtoto asiyesoma vizuri huchagua kwa picha na si kwa jina lililo mgongoni. Kama rafu hazitoshi, funga kamba ya katani ukutani, kwenye kimo cha kifua cha mtoto, na uning'inize vitabu vyembamba juu yake vikiwa vimefunguliwa katikati.

Rafu yenyewe iwe ya mninga, ambao kwetu Tabora bado tunaufahamu vizuri, lakini mwambie fundi aondoe ile sehemu nyeupe ya pembeni, kwa maana mchwa huanzia hapo. Iache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, na isikae chini ya dirisha. Kitabu kikichanika, tumia gundi nyeupe na ukanda wa karatasi nyembamba. Solatepu hugeuka njano, hukauka, kisha hubanduka na maandishi.

Mwalimu wa Kasulu

Nawashukuru sana, mzee wangu na ndugu mkutubi. Kikao cha kamati ni wiki ijayo, nami nitapeleka hoja hiyo ya leja na muhtasari. Limebaki jambo moja: watoto wangu wengi huzungumza Kiha nyumbani, na baadhi ya hadithi nilizo nazo zina Kiswahili ambacho hawajakisikia popote.

Mwalimu wa Buhigwe

Mwenzangu, hali hiyo ndiyo yangu pia. Kila mwezi namwalika bibi au babu mmoja kijijini awasimulie watoto hadithi kwa Kiha, kisha siku inayofuata tunaisimulia pamoja kwa Kiswahili, nami naandika ubaoni maneno wanayoyatoa wao wenyewe. Karatasi nne zikikunjwa katikati na kushonwa kwa uzi hutoa kitabu cha kurasa 16. Naandika sentensi moja kwa ukurasa, nao wanachora. Majina ya wachoraji tunayaandika kwenye kava, na katika daftari langu la kuazima vitabu hivyo ndivyo vinavyotoka kila siku, hata kwa watoto ambao hawajawahi kuomba kitabu kingine.