MJADALA: Bunduki za kweli ndani ya gemu za ujambazi kama GTA (Grand Theft Auto). Nani anafaidika?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila gemu mpya ya ujambazi inapotangazwa, ugomvi ni ule ule. Je, ni sawa watengeneza gemu kuchora bunduki zilizopo kweli, zile zile zinazoua watu Marekani, halafu wakazitia mkononi mwa mchezaji? Kuna wanaotaka zipigwe marufuku, na kuna wanaosema hiyo ni katuni tu, tuacheni tucheze. Mimi siko upande wowote kati ya hizo. Kuchora bunduki sina neno nako. Ninachokataa ni mapatano ya chini kwa chini kati ya wenye viwanda vya silaha na wenye studio za gemu. Kama yapo, yaandikwe kwenye kasha la gemu, mnunuzi ayaone kabla hajatoa hela.

Nianze na GTA kwa kuwa ndiyo wengi wetu tumekua nayo. San Andreas ya 2004 iliziita silaha kwa majina yake: AK-47, M4, MP5, Tec-9, Desert Eagle. Ilipofika GTA IV, mwaka 2008, majina yakapotea, ikabaki bastola, bunduki ya kushambulia, basi. GTA V ya 2013 ikabuni hadi viwanda vya kufikirika: Shrewsbury, Vom Feuer, Hawk & Little. Lakini iangalie hiyo bunduki ya kushambulia yenyewe. Magazini, yaani kisanduku cha risasi, iliyopinda kuelekea mbele, mtutu na bomba la gesi juu yake: mtu aliyewahi kumwona askari na AK anaitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Na ile bastola ya .50 ni Desert Eagle iliyobadilishwa jina tu. Wapo wanaosifia mabadiliko hayo kama ustaarabu. Mimi naona mkono wa mawakili hapo.

Tec-9 nayo ina kisa chake. Ilitengenezwa Miami na kampuni ya Intratec, ikatajwa kwa jina kwenye sheria ya 1994 iliyozuia silaha za aina hiyo Marekani, na ndugu yake, TEC-DC9, ikatumika kwenye mauaji ya shule ya Columbine, Aprili 1999. Kampuni ikafa 2001. Miaka mitatu baadaye sisi tunacheza San Andreas, na ukishapanda daraja la mwisho la ulengaji, CJ, mhusika mkuu, anashika mbili kwa mpigo, moja kila mkono. Kiwanda hakipo, hakuna wa kulipwa wala wa kutangaziwa biashara. Hapo msanii ametumia kitu kilichopo duniani kusimulia mtaa fulani wa Marekani, na ni haki yake.

Sasa linganisha na haya. Mwaka 2012 kampuni ya gemu ya EA walitoa gemu ya vita, Medal of Honor: Warfighter, na tovuti ya gemu hiyo ikawa inampeleka mchezaji moja kwa moja kwenye tovuti za Magpul na McMillan, wauzaji wa silaha na vifaa vyake. Kelele zikapigwa, viungo vikaondolewa. Mwaka uliofuata EA wakatangaza kwamba hawatalipia tena leseni za chapa za bunduki, ila wataendelea kuzichora; mkubwa wao mmoja aliwaambia Reuters kwamba mwandishi wa kitabu halipi chochote kwa kuandika neno Colt, jina la kiwanda cha bunduki. Mwaka huo huo mtu wa Barrett, waundaji wa zile bunduki kubwa za kudungua, alimwambia mwandishi wa habari kwamba gemu zinaifikisha chapa yao kwa vijana wanaohesabiwa kuwa wanunuzi wa baadaye. Alisema mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Nawasilisha.

Kijana wa Pedi

Mkuu, umeandika vizuri ila unawapa silaha wale wale wanaotaka gemu zifungiwe. Siku saba baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012, bosi wa NRA, Wayne LaPierre, alisimama mbele ya kamera akalaumu gemu, akaitaja GTA kwa jina. Chama cha kutetea wenye bunduki! Mwizi kapiga kelele za mwizi.

Oxford walichunguza vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, wapatao elfu moja, matokeo yakatoka 2019: hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za vurugu na ukorofi wa vijana hao. Wajapani wanacheza gemu usiku na mchana, na mauaji ya risasi kwao ni ya kuhesabu kwa vidole. Tofauti ni bunduki zenyewe, hazipo mtaani. Mengine ni porojo.

Mama Wawili

Wanangu, nyinyi mnabishana kuhusu majina na viwanda. Mimi nimekaa nyuma ya mwanangu wa miaka kumi na moja nikamtazama akicheza hiyo GTA. Aliingia duka la silaha, bunduki zimepangwa ukutani, akachagua moja kwa kubonyeza, akaongeza sailensa, akaongeza magazini ndefu, akaipaka rangi ya dhahabu. Akatoka. Hakuulizwa jina, umri, wala kitambulisho. Nje akampiga mtu asiyemjua. Polisi wakaja wakamwua, akaamka mlangoni mwa hospitali amekatwa hela kidogo, na bunduki zake anazo.

Jina la bunduki halikunishtua. Nilishtushwa na wepesi wa jambo zima. Na hiyo gemu imeandikwa 18 kwenye kasha la Ulaya, ya Marekani 17. Nani anasoma? Kwenye banda la gemu mtaani kwetu hakuna hata kasha, kuna mashine, pedi mbili na mtoto aliyeshika hela yake. Sasa mleta mada, hilo tangazo lako la kwenye kasha unamwandikia nani?

Mbeba Boksi wa Columbus

Nimecheka kidogo hapo kwa mama. Mimi naishi Columbus, Ohio. Nilimsindikiza mfanyakazi mwenzangu kununua bunduki ya kuwindia. Akapewa fomu namba 4473 inayotakiwa na serikali kuu, maswali ya ndiyo na hapana: umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, unatumia bangi, unamnunulia mtu mwingine. Muuzaji akapeleka jina lake kwenye mfumo wa FBI, jibu likarudi aruhusiwe. Tukatoka nayo, mimi bado nimeshika kikombe cha kahawa nilichoingia nacho. Ohio hakuna siku za kusubiri.

Kwa hiyo mnaposema gemu inadanganya kuhusu duka, haidanganyi sana kama mnavyofikiri mkiwa huko.

Mleta mada

Kaka wa Columbus, asante, lakini Los Santos, mji wa GTA V, imechorwa kutoka Los Angeles, na California si Ohio. Pale mnunuzi anasubiri siku 10. Magazini ya zaidi ya risasi 10 haiuzwi. Sailensa raia haruhusiwi kabisa. Na bunduki ya rashasha iliyotengenezwa baada ya Mei 1986 haiuzwi kwa raia katika jimbo lolote, Ohio ikiwemo. Mchoraji wa gemu amekuwa mwaminifu kwa silaha mpaka kwenye misumari yake, halafu kaunta akaibuni mwenyewe.

Tena aliibuni kwa makusudi. Duka lenyewe linaitwa Ammu-Nation, taifa la risasi, hiyo ni kejeli ya wazi. Na kuna jambo watu hulisahau: waliotengeneza gemu hii ni Rockstar North wa Edinburgh, Scotland. Dunblane ipo Scotland hiyo hiyo. Machi 1996 mtu aliingia shuleni pale na bastola akaua watoto 16 na mwalimu wao, na kufikia mwisho wa 1997 bastola zikawa zimepigwa marufuku kwa raia Uingereza. Watu wa nchi hiyo wakiichora Marekani, wataichora kama mahali ambapo rashasha inauzwa kama soda. Kwa mtu mzima kejeli inasomeka. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja haisomeki, hapo nakubaliana na Mama Wawili kabisa. Ila dawa yake ni mtoto asiicheze. Kubadilisha umbo la bunduki hakutamsaidia.

Kuhusu kasha, nasogeza kidogo: iandikwe kwenye skrini ya kuanzia, pale zinapopita nembo za kampuni. Hiyo hata CD ya kunakili inakuwa nayo.

Wakili Mlalahoi

Niweke sheria mezani, kwa sababu naona mnazunguka.

Kwanza, kufungia gemu Marekani kumeshindikana. California ilitunga sheria ya kuzuia watoto kuuziwa gemu za vurugu, na Juni 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa, majaji 7 kwa 2. Walisema gemu zinalindwa kama vitabu, tamthilia na filamu. Mlango huo umefungwa.

Pili, mleta mada anasema majina yalifutwa na mawakili. Inawezekana, ila hofu yao ilikuwa kubwa kuliko hatari. Colt walijaribu kulimiliki jina M4 dhidi ya Bushmaster, washindani wao, na 2007 mahakama ya rufaa ikasema jina hilo limekuwa la aina ya bunduki, halina mwenyewe. Baadaye waundaji wa gari la Humvee waliishtaki kampuni ya gemu ya Activision kwa kuliweka kwenye gemu yao ya vita, Call of Duty, bila leseni. Wakashindwa, Machi 2020. Jaji alisema kama lengo la kisanaa ni uhalisia, basi magari yanayotumika kweli jeshini yanalitimiza lengo hilo. Maana yake studio inaweza kuchora bila kumwomba mtu ruhusa. Ukiona imeingia mkataba na kiwanda cha bunduki, jiulize ilihitaji nini.

Tatu, na hapa ndipo penye nyama. Tangu 2005 kuna sheria ya shirikisho inayowakinga wauza bunduki wasishtakiwe kwa sababu mtu ametumia bidhaa yao kuua. Familia za Sandy Hook waliipenya kinga hiyo kwa njia moja: matangazo. Hoja yao ilikuwa kwamba Remington, wenye chapa ya Bushmaster, waliinadi bunduki iliyotumika pale kwa namna iliyovunja sheria ya biashara ya Connecticut. Mahakama ya juu ya jimbo ikaruhusu kesi iendelee 2019, na Februari 2022 wakamaliza nje ya mahakama kwa dola milioni 73. Nyaraka zilizotoka zilionyesha kampuni hiyo ilipatana na Activision bunduki yao ya ACR iingie kwenye Call of Duty: Modern Warfare 2 ya 2009. Mei 2024, miaka miwili kamili baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa Uvalde, Texas, familia zao zikaishtaki Activision yenyewe pamoja na kiwanda cha Daniel Defense na wenye Instagram.

Kwa hiyo hoja ya mleta mada si ya kufikirika. Imeshafika mahakamani.

Kijana wa Pedi

Wakili, hizo zote ni Call of Duty. Mada imesema gemu za ujambazi. GTA mnaipakazia tu.

Wakili Mlalahoi

Kijana, soma tena alichoandika. Mfano wake wa GTA V unaonyesha studio inaweza kuuza zaidi ya nakala milioni 200 bila kubeba chapa ya kiwanda chochote. Ni ushahidi kwamba mikataba ile haihitajiki.

Kijana wa Pedi

Hapo sawa. Ila hayo majina ya bandia nayo ni kazi bure. GTA V ilipofika kwenye kompyuta, Aprili 2015, haikuchukua muda watu wakaanza kutengeneza modi, yaani marekebisho ya wachezaji wenyewe, zinazorudisha majina halisi, michoro ya nembo, hadi mlio. Wachezaji wenyewe wanataka hivyo. Sasa GTA VI inarudi Vice City, yaani Miami, nyumbani kwa hiyo Tec-9 yenu. Mnadhani watu watakubali bunduki isiyofanana na kitu?

Mama Wawili

Umesema wachezaji wenyewe wanataka. Mwanangu hakuwahi kutaka M4 mpaka alipoonyeshwa M4. Anajua uzito wake kwenye gemu, anajua inavunja kioo kwa risasi ngapi. Hajawahi kuishika wala simwombei aishike. Nimemwondoa kwenye lile banda, na mwenye banda ameninunia kwa kuwa nimempunguzia mteja.

Skrini yako ya kuanzia, mleta mada, wataiandika kwa Kiingereza na itapita kwa sekunde tatu.

Mleta mada

Mama, sekunde tatu ni bora kuliko kusubiri mpaka watu wafe ndipo nyaraka zitoke mahakamani. Mapatano ya ACR yalikuwa ya 2009. Sisi tumekuja kuyasoma zaidi ya miaka kumi baadaye. Nani alijua wakati anacheza?

Wakili Mlalahoi

Na si jambo geni hata kwao. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya 1934 inavitaka vituo vya redio, na baadaye televisheni, vimtaje aliyelipia kitu kitangazwe. Kama kampuni ya sabuni imelipa ili sabuni yake ionekane kwenye kipindi, mtazamaji aambiwe. Gemu haipiti hewani kwa kituo, ndiyo maana imebaki nje. Anayetaka kupinga pendekezo la mleta mada anieleze kwa nini sabuni itajwe na bunduki isitajwe.