Mbao ngumu na mbao laini: zipi za kenchi, zipi za meza?

Mjenzi_Mpya: Salaam wakuu. Naezeka nyumba, na nikimaliza nataka meza ya kulia. Fundi mmoja kaniambia nichukue mbao ngumu kote, laini ni za masanduku. Mwingine anasema ngumu kwenye paa ni kulibebesha mzigo bure. Nimsikilize nani?

Patasi77: Huyo wa pili, mkuu. Kenchi zinataka mbao ndefu, zilizonyooka, nyepesi, zinazopokea msumari bila kupasuka. Hapo msonobari na msipresi ndiyo kwao. Ila usipandishe msonobari bila dawa, mchwa hawauachi. Na usipigilie mbao mbichi, zitakaukia juu na kujipinda huko huko.

BintiMisitu: Naomba niongeze, maana majina haya yanapoteza wengi. Ngumu na laini hapa ni jamii ya mti, uzito wa ubao ni habari nyingine. Ngumu ni miti ya maua, mbegu zake hukaa ndani ya tunda: mninga, mvule, mkangazi, msaji, mwaloni. Laini ni miti ya koni: msonobari, mwerezi, msipresi. Kwa hiyo mbalsa, ambao unauchora kwa kucha na una kilo 160 hivi kwa mita moja ya ujazo, umo kundi moja na mpingo unaopita kilo 1,200 na kuzama majini!

Na mvinje je? Wengi huuita msonobari kwa sababu ya zile sindano. Chukua sindano moja uivute taratibu: inaachana kwenye viungo, kipande kwa kipande. Ni kijitawi, majani yenyewe ni vimeno vidogo pale kwenye kiungo. Ule ni mti wa maua, na ubao wake ni mgumu kwelikweli.

Patasi77: Dada, miaka yote nauita msonobari. Asante sana.

MzeeRanda: Ukiwa na ubao usioujua, kata kichwa chake kwa wembe mkali, ulowanishe, utazame kwa lenzi. Mbao ngumu zina vitundu kama vya sindano, ndiyo mirija iliyokuwa inapandisha maji. Laini hazina hiyo mirija. Kipande kifupi cha mwaloni mwekundu ukikichovya kwenye maji ya sabuni na kupuliza upande wa pili, mapovu yanatoka. Mwaloni mweupe mirija yake imeziba, ndiyo maana unatengenezewa mapipa ya mvinyo.

Mjenzi_Mpya: Shikamoo mzee. Sasa meza, mninga au mkaratusi?

MzeeRanda: Marahaba. Mninga, bila kusita. Ukikauka hausinyai sana, viungo vya meza havilegei. Mkaratusi una nguvu, lakini una mkazo ndani yake. Ukipasuliwa mbao unajipinda na kuchanika vichwani, unataka mtu anayejua kuukausha polepole. Msonobari kwenye meza utabonyea kila kitu kizito kikidondoka. Ila hata mninga, chukua moyo wake tu, yaani ile sehemu ya ndani yenye rangi. Ile sehemu nyeupe ya pembeni wadudu wanaila.

Mjenzi_Mpya: Nina mbao tatu za mninga, moja ina mstari mweupe upana wa vidole viwili.

MzeeRanda: Huo mstari uchane wote kabla hujaanza kupiga randa, ndipo upime upana wa meza.